Mji Uliopewa Jina la Mtaro

Mvua ya Delft, mji mdogo wa Uholanzi, haina mlio. Mimi nimekulia chini ya bati, Magomeni Suna, ambako mvua hupiga hodi kabla ya kufika: upepo unageuka, vumbi linanukia, matone mazito ya kuhesabika yanaanza kudondoka, halafu bati zima linanguruma mpaka mliomo ndani mnaacha mazungumzo. Jioni yangu ya kwanza Delft nilitega sikio dirishani, nikasikia kimya, nikatoka na sweta tu. Kufika daraja la pili, maji yalikuwa yananichuruzika kwenye nyusi. Manyunyu yenyewe yalikuwa membamba kama unga unaochekechwa. Yalining'inia hewani, nami nikawa napita katikati yake nikiyazoa kwa nguo zangu.

Ilikuwa Oktoba, na nilikuwa nimekuja kusoma. Kando ya mfereji wa Westvest, mwendo mfupi kutoka stesheni ya treni, ipo taasisi ya IHE Delft, ambayo tangu mwaka 1957 inafundisha wahandisi wa maji kutoka nchi nyingi za dunia. Darasani tulikuwa mchanganyiko wa Wabangladesh, Wakolombia, Waethiopia na Wavietnam, na wenye Kiswahili tulikuwa wanne. Nyuma yangu kulikuwa na miaka sita ya kazi ya mitaro ya mvua Dar es Salaam. Nilifika nikiamini kwamba maji nayajua, na kwamba kilichobaki ni hesabu na cheti.

Viatu vilikuwa vya kwanza kunionyesha hali halisi. Nilivinunua kabla ya safari, vyeusi, vya ngozi, vya kuendea ofisini. Wiki ya pili gundi ya soli ililegea, na kila nikikanyaga nikawa nasikia soksi ikinyonya maji. Dada mmoja wa Kisumu, aliyekuwa mwaka mmoja mbele yetu, alinitazama miguu tukiwa kwenye foleni ya chai akatikisa kichwa.

"Dadangu, hapa baridi haikupigi usoni kama unavyodhani. Inaanzia chini, kwa maji. Ukilowa miguu umeisha siku nzima."

Alhamisi, ambayo ndiyo siku ya soko, akanipeleka uwanja wa Markt, katikati ya kanisa kubwa na jengo la manispaa. Tukapita meza za jibini na maua, tukafika kwa muuza mitumba. Nilinunua koti la mvua lenye kofia na buti zinazopita kifundo cha mguu. Nilitaka na mwavuli, akanikataza. Upepo wa kule hutoka baharini na hauna kilima cha kuuzuia. Mwavuli unapinduka mara moja unabaki vijiti. Akanifundisha kuvaa nguo nyembamba tatu badala ya sweta moja nene, maana sweta nene likilowa linakuwa mzigo wa baridi unaoubeba mwenyewe. Halafu tukala vipande vya samaki wa kukaanga vya moto, tumesimama, mvuke unatupanda usoni, nami kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nikajisikia nipo mahali.

Kuna mambo ya baridi nisingeyaamini kwa kuambiwa. Nyuzi 4 zenye unyevunyevu zinauma kuliko theluji kavu. Shuka linakuwa la baridi kiasi cha kudhani limelowa. Kuvu inaota nyuma ya kabati, na usipofungua dirisha dakika chache kila asubuhi, hata kukiwa na baridi kali, ukuta unatoa jasho. Ila kilichonielemea zaidi ni giza. Kufikia Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, na baina ya hapo mara nyingi huoni jua bali mwanga wa kijivu, kama mtu ametandaza kitambaa juu ya taa. Nilianza kulala mno. Simu za nyumbani nikawa naahirisha kuzipokea. Mama alikuwa mwepesi kunigundua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekaa hivyo? Umekula?"

"Nimekula."

"Basi toka nje. Usikae na mawazo ndani. Hata kama mvua, toka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutembea. Kila siku baada ya vipindi nilivuta kofia ya koti, nikaiacha simu mfukoni, nikafuata mfereji wowote uliokuwa mbele yangu. Kupotea Delft si rahisi, kwa sababu minara ya makanisa mawili inaonekana karibu kutoka kila kona, na mifereji imenyooka. Mji wa zamani unaweza kuuzunguka kwa saa moja na nusu ukitembea taratibu. Mimi niliuzunguka majira yote ya baridi.

Mfereji mkongwe kuliko yote unaitwa Oude Delft, yaani Delft ya Zamani. Ni mwembamba, umepandwa miti pande zote mbili, madaraja yake yamebinuka kama mgongo wa paka, na matofali yake yakilowa yanateleza vibaya. Niliwahi kuanguka na baiskeli juu ya mojawapo, juu ya majani yaliyooza, nikachubuka kiganja. Nikiwa pale chini nikaona kwa karibu ukuta wa mfereji: matofali madogo ya rangi ya figili, chokaa iliyoliwa, kuvumwani ya kijani, pete ya chuma ya kufungia mashua iliyosagika upande mmoja kwa kamba za miaka mingi. Na chini yake kidogo kibao cheupe kilichosimama wima, kimechorwa namba nyeusi, nusu kikiwa ndani ya maji. Sisi wa kazi hii tunakijua. Ni kipimo cha kina cha maji. Nilikuwa nimevipita vibao kama hivyo kwa wiki kadhaa bila kuviona.

Jina la mji nilikuja kuelezwa na mwalimu. Katika Kiholanzi kuna kitenzi cha zamani chenye maana ya kuchimba, na mtaro uliochimbwa uliitwa delf. Watu walichimba pale yapata mwaka 1100 ili kukausha ardhi ya mboji iliyojaa maji, wapate kulima. Nyumba zikafuata mtaro, soko likafuata nyumba, na mji ukabeba jina la mtaro wake hadi leo.

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Nyumbani mtaro ni mahali pa kutupa. Tunasema mambo yameishia mtaroni tukimaanisha yameharibika. Mimi mwenyewe, niliyekuwa naulizwa na shangazi zangu nafanya kazi gani, nilikuwa nasema "miundombinu" kwa sababu kusema "mitaro" kulinitia haya. Na huku kuna watu wanaoishi ndani ya neno hilo, wanaliandika kwenye sahani zao, wanaliimbia mpirani.

Tena mifereji ile si pambo. Watalii huipiga picha, na ina haki ya kupigwa picha, hasa asubuhi ya ukungu pale lango la Oostpoort, minara yake miwili iliyochongoka ikijitazama ndani ya maji na daraja jeupe la kuinuliwa likiwa halina mtu. Lakini iko kazini. Mvua inayonyesha mashambani inasukumwa kwa pampu hadi kwenye mtandao wa mifereji, na kutoka humo inasukumwa tena kwenda baharini. Maji ya mifereji ya Delft yako chini ya usawa wa bahari kwa sentimita 40 hivi, na mashamba mengi jirani yako chini zaidi ya mifereji. Ukipanda tuta nje ya mji unaona jambo la ajabu, mashua inapita juu kuliko ng'ombe anayekula majani.

Chanzo chake ni kule kule kuchimba. Ardhi ya mboji ukiikausha inasinyaa, na hewa ikiingia inaoza, basi inashuka. Ikishashuka maji hayatoki tena yenyewe, lazima uyasukume. Ukiyasukuma ardhi inakauka zaidi, inashuka tena. Vinu vya upepo vilifanya kazi hiyo kwa karne kadhaa, vikaja vya mvuke, leo ni umeme. Aliyechimba mtaro wa kwanza aliwaachia vizazi vyote deni ambalo halimaliziki. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wenzangu wengi nyumbani wakitamani tungekuwa kama Uholanzi. Mimi nimeliona deni lenyewe, na sitamani tulirithi.

Kinachonifanya niwaheshimu ni namna wanavyolilipa. Kwenye Oude Delft kuna jengo la mawe lenye nakshi, la mwanzoni mwa karne ya 16, na ngao za rangi zimechorwa mbele yake. Mara ya kwanza nililidhania la mfalme. Kumbe ni la bodi ya maji ya Delfland, ambayo hati yake ni ya mwaka 1289 na ambayo imelimiliki jengo hilo tangu 1645. Mpaka leo wananchi wanaichagua bodi hiyo kwa kura na kuilipa kodi yake ya pekee, mbali na kodi nyingine zote. Nilisimama mbele ya mlango ule, pua inanitoka maji kwa baridi, nikijaribu kupata picha kichwani ya kitu cha aina hiyo kwetu: ofisi ya mitaro yenye umri wa miaka mia saba, na watu wanapanga foleni kuipigia kura.

Mita chache kutoka hapo, ng'ambo ya maji, ndipo ulipo mnara ulionishika zaidi ya kitu kingine chochote mjini. Ni mnara wa Oude Kerk, Kanisa la Kale, wenye urefu wa mita 75 hivi, na umeinama. Hauhitaji kipimo kuona. Kileleni umetoka kwenye mstari wake kwa karibu mita 2. Wenyeji wanauita Jan Aliyepinda. Walipoujenga katika karne ya 14 nafasi ilikuwa haitoshi, wakaufukia mfereji uliopita pale na kuuweka mnara sehemu fulani juu ya kifusi hicho. Ardhi ikadidimia kabla hata kazi haijakwisha. Wajenzi wakajaribu kuzinyoosha sehemu za juu, na ukitazama vizuri unaona kona mahali walipojaribu. Ndani yake kuna kengele ya mwaka 1570 yenye uzito wa karibu tani 9, ambayo hupigwa kwa nadra sana, kwa kuhofia mtikisiko wake.

Nilikuwa naenda pale hata usiku. Nilikuwa nauegemea ukingo wa daraja, matone yanadondoka kutoka kwenye kofia, na kichwani mwangu haikuwa Delft tena, ilikuwa bonde la Msimbazi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na kabla haujafika huko unapita nyuma ya nyumba tuliyokulia. Wazee wetu walisema maji hayasahau njia yake, nasi tukaendelea kumwaga kifusi. Lori moja linamwaga usiku, asubuhi kuna msingi, mwezi ujao kuna chumba na mpangaji. Nimewahi kusimama juu ya kifusi cha aina hiyo nikiwa na kofia ya kazi, nikamweleza baba mmoja mwenye watoto wanne kwamba hapo ni njia ya maji. Aliniuliza nimpe njia nyingine ya kuishi. Sikuwa na jibu, na hadi leo nikimkumbuka nanyamaza.

Nisiseme habari za mnara tu. Ndani ya kanisa hilo amezikwa Antoni van Leeuwenhoek, mtoto wa mji huo, aliyezaliwa 1632 na kufariki 1723. Alikuwa muuza vitambaa. Kioo cha kukuzia kilikuwa kitu cha kawaida katika biashara yake, cha kuangalia nyuzi, naye akajifunza kusaga vioo vyake mwenyewe vidogo mno vyenye nguvu isiyo na mfano kwa wakati ule. Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa moja karibu na Delft, akayatazama, akaona yamejaa viumbe vidogo vinavyoogelea. Kila mara ninapochukua sampuli ya maji ya kisima kupeleka maabara kutafuta vijidudu, nafanya kazi iliyoanzia kwa muuza vitambaa huyo. Kaburi la mchoraji Johannes Vermeer nalo limo humo humo, nao walizaliwa mwaka mmoja, mji mmoja. Watalii wengi humwendea Vermeer. Mimi nilikuwa nasimama kwa mwenzake.

Siku moja ya Januari, upepo uliponishinda, niliingia dukani kujikinga. Lilikuwa duka la vyombo vya bluu na nyeupe, vile Delft inavyojulikana navyo dunia nzima. Nikashika sahani moja, mikono bado imekufa ganzi, na moyo ukanipiga. Nilikuwa nimeshaiona sahani hiyo. Nilikuwa darasa la sita, tulipopelekwa na shule kwenye magofu ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Bakuli nyingine zilikuwa zimeng'olewa, limebaki tundu la duara kwenye chokaa. Vyombo vya China vilifika pwani yetu kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, Wazungu bado hawajaijua njia hiyo. Waholanzi walivileta kwao kwa wingi katika karne ya 17 kupitia kampuni yao ya India ya Mashariki, ambayo ilikuwa na tawi lake Delft tangu 1602, na vita vya China vilipopunguza mzigo, wafinyanzi wa Delft wakajaza pengo kwa kuiga. Sisi tuliviweka kwenye makaburi ya watu wetu wa heshima, wao wakajifunza kuvitengeneza. Sahani ile niliirudisha kwenye rafu taratibu. Bei yake ilikuwa chakula changu cha wiki, lakini nilitoka pale nimepata joto.

Mwezi huo huo ndipo mama mwenye nyumba aliponialika jikoni kwake. Alikuwa bibi mwenye miaka zaidi ya sabini, mnyamavu, na mpaka siku hiyo maongezi yetu yalikuwa ya takataka na funguo. Alikuwa amepika supu nzito ya njegere, ile ambayo kijiko kikisimama hakianguki. Akaniuliza kwetu kukoje mvua ikinyesha. Nikamweleza habari za Desemba 2011.

Usiku ule maji hayakuingia kwa mlangoni. Yalianza kupanda kwenye tundu la choo, meusi, polepole, na mama akadhani ni bomba limeziba. Alikuwa na cherehani ya miguu iliyotusomesha sote. Alipokuja kufikiria kuiinua maji yalikuwa magotini, na chuma kile kinahitaji watu wawili wenye nguvu. Baba alikuwa ameshafariki, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunawapitisha watoto wa jirani dirishani. Tulilala juu ya ukuta wa nyumba ya ghorofa isiyokwisha, tukitazama mapipa na kuku vikipita. Watu zaidi ya 40 walikufa mjini siku zile. Familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sisi tulirudi, tukaikuta cherehani imelala ubavu, matope yamejaa hadi kwenye sindano.

Yule bibi hakusema pole. Alikaa kimya muda mrefu, mkono juu ya kijiko, kisha akauliza swali moja tu:

"Nani alikuwa anayatazama maji usiku ule?"

Sikulielewa. Akarudia polepole, kwa Kiingereza chake cha shule. Nani, katika mtaa wenu, kazi yake usiku ule ilikuwa kuyatazama maji?

Ndipo akaniambia yeye ni wa Zeeland, mkoa wa pwani kusini magharibi mwa Uholanzi. Alikuwa na miaka sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ilipovunja matuta na bahari ikaingia vijijini. Walikufa watu 1,836. Dalili za hatari zilikuwa zimeshaonekana jioni ile, na onyo lilikuwa limetumwa, ila redio wakati huo ilifunga matangazo usiku wa manane, na ilikuwa Jumamosi, watu wamelala. Katika kijiji chao, alisema, walioamka walikuwa ni wale walioamshwa na mtu. Baba yake aliamshwa na jirani aliyekuwa na mazoea ya kwenda kuangalia tuta kila upepo unapovuma, mazoea ambayo watu walikuwa wanayacheka. Baada ya hapo taifa lilijenga mabwawa na milango mikubwa ya bahari ambayo mimi nilikuwa nimekuja kuisoma. Yeye, kwa umri wake, alichokuwa anakikumbuka ni ngumi za jirani yule mlangoni.

Nilitoka jikoni kwake saa nne usiku nikaenda kutembea. Manyunyu yalikuwa yale yale, lakini macho yangu yalikuwa yamebadilika. Nikaanza kuviona vile vibao vyeupe kila mahali, kwenye nguzo za madaraja, kwenye kona za mifereji, kando ya milango ya maji. Nikamkumbuka mfanyakazi wa manispaa niliyekuwa nikimpita Voldersgracht, ndani ya kijiboti chake bapa, akiopoa kwa wavu majani, chupa, na siku moja baiskeli nzima. Alikuwa anafanya hivyo bila haraka, ncha ya sigara mdomoni, ndege mrefu wa kijivu wa jamaa ya yangeyange wetu akimsubiri ukingoni. Miezi mitatu nilikuwa nimejaza daftari kwa pampu na fomula, na zote zina kazi yake. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja niliokuwa nimeandika habari za mtu wa wavu.

Nilianza kuandika. Niliandika saa anazopita. Niliandika kwamba kina cha mfereji kinalindwa kwa sentimita, maana yakizidi yanaingia ghalani, na yakipungua pia ni balaa: nyumba nyingi za zamani za nchi ile zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa ardhini, na mbao hizo hudumu karne nyingi zikiwa ndani ya maji, zikiguswa na hewa zinaoza. Niliandika kwamba zipo timu za wananchi wa kujitolea ambao maji yakipanda sana huitwa kupita juu ya matuta kwa miguu, usiku, na tochi, kutafuta panapovuja. Watu wenye setilaiti na kompyuta bado wanatuma mtu na tochi.

Machi mwanga ulirudi. Maua ya manjano yalichipua kwenye kingo, watu wakaketi nje ya migahawa wakiwa na makoti, nyuso wamezielekeza juani kama mimea. Nami nilikaa. Lakini nikisema ukweli, Delft niliyoipenda ni ile ya Januari, taa zikitetemeka ndani ya maji meusi, kengele za Nieuwe Kerk, lile kanisa kubwa la Markt, zikisikika kupitia ukungu bila kujua mnara uko wapi, na miguu yangu mikavu ndani ya buti za mtumba.

Nilirudi Dar es Salaam na cheti, na mengi ya cheti hicho bado yanasubiri bajeti. Kitu kimoja hakikusubiri. Masika ya kwanza baada ya kurudi nilinunua kopo la rangi nyeupe na kopo la rangi nyeusi. Nikapima nguzo ya kalavati pale mtaro wetu unapoingia mtoni, na vijana wa mtaa wakaniandikia namba kila baada ya sentimita 10, kutoka chini hadi 200. Mjumbe alitupa baraka zake. Tukakubaliana wanne wawe wanapokezana usiku wa mvua kubwa, kila mmoja na tochi na filimbi, na tukakubaliana namba ambayo ikifikiwa watu wa bondeni wanaamshwa. Baadhi ya majirani walicheka. Mzee mmoja aliyekuwapo tangu mvua za El Niño za 1997 hakucheka. Alikuja na kiti chake akakaa anatutazama tukipaka rangi mpaka mwisho.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Aprili, saa nane usiku. Bati lilinguruma kama zamani. Simu ikaita, na ilibidi niibane sikioni kwa mikono miwili.

"Dada, yamefika tisini."

"Tisini? Tochi unayo? Angalia tena vizuri."

"Ninayo. Ngoja." Nikasikia mvua peke yake kwa muda, na miguu yake ikipiga maji. "Dada, sasa hivi mia na tano."

"Piga filimbi. Anzia kwa mama watoto pale chini, kisha njoo huku juu. Mimi natoka."

Nilipowasha taa ya sebuleni, mama alikuwa ameshaamka. Alikuwa ameinama, kanga ameikaza kiunoni, ameshika upande mmoja wa cherehani akinisubiri nishike mwingine.